Kumfundisha mtoto uchaguzi wa rais nyumbani: mwongozo wa mzazi wa Mwanza, kwa vifuniko vya soda na samaki watatu

Mtoto akiuliza rais anapatikanaje, wengi wetu tunamjibu kwa majina. Tunamtajia aliyeshinda, aliyeshindwa, na chama gani kina rangi gani. Dakika mbili baadaye wazazi wenyewe tumeanza kubishana na mtoto amesharudi kwenye katuni zake. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: kanuni kwanza, majina baadaye. Sababu yangu ni moja. Kura zilezile, zikihesabiwa kwa kanuni tofauti, zinaweza kutoa mshindi tofauti, na mtoto anaweza kulithibitisha hilo mezani kabla ya kuingia kwenye ushabiki wa mtu yeyote.

Nawaandikia wazazi na walezi wanaofundisha nyumbani, hapa Mwanza na kwingine kando ya ziwa. Wanaofanya hivyo mwaka mzima ni wachache. Wengi ni wa msimu: likizo ya Juni au Desemba, mtoto anayeuguzwa, familia iliyohama katikati ya muhula. Vyote vilivyomo humu vinawezekana ndani ya wiki mbili, nusu saa hadi saa moja kwa siku.

Vifaa

Waagize watoto wakusanye vifuniko 50 vya soda dukani kwa Mangi: 20 vya aina moja, 17 vya aina ya pili, 13 vya aina ya tatu. Hesabu hiyo ina maana yake, tutaifikia. Tafuta pia boksi la viatu, daftari, kalamu ya wino, rangi ya kucha na karatasi kubwa ya kuchorea ramani ya mkoa. Kwa wenye umri wa miaka kumi na kuendelea, pata Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Imeandikwa kwa Kiswahili, inapatikana bure kwenye intaneti, na kurasa utakazohitaji hazifiki kumi. Ukiweza kuzichapa steshenari, zichape. Mtoto anaiheshimu zaidi sheria anayoweza kuipigia mstari.

Kuhusu umri: wa miaka sita hadi minane watosheke na hatua ya kwanza na ya tatu. Wa miaka tisa hadi kumi na miwili waende mpaka hatua ya nne. Sehemu ya mambo mazito ni ya wakubwa zaidi, isipokuwa mdogo akiuliza mwenyewe. Akiuliza, mjibu.

Hatua ya kwanza: nani anashughulikia nini

Toka na watoto kwa miguu, kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala. Kila mnapopita jambo linalohitaji kiongozi, simameni muulizane ni la nani. Taka ambazo hazijazolewa ni za halmashauri, yaani jiji kama mko Nyamagana, manispaa kama mko Ilemela. Majirani wanaogombea mpaka wa kiwanja wanaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Diwani anaisemea kata yenu kwenye baraza la madiwani, na baraza hilo ndilo linalomchagua meya. Mbunge anatunga sheria Dodoma. Rais anateua mawaziri, anasaini miswada ili iwe sheria, na ni Amiri Jeshi Mkuu.

Hapa watoto wananasa kwenye jambo moja kila mara: mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya. Wanawaona wakihutubia na kukagua miradi, wanadhani walipigiwa kura. Hawakupigiwa, wameteuliwa na rais. Chora mistari miwili daftarini, mmoja wa wanaochaguliwa na mwingine wa wanaoteuliwa, kisha mtoto ajaze vyeo.

Kama mna nafasi, nendeni mkalione Daraja la Kigongo–Busisi. Lina urefu wa kilomita 3. Ujenzi ulianza wakati wa John Magufuli na daraja likafunguliwa Juni 2025 wakati wa Samia Suluhu Hassan. Muulize mtoto nani kalijenga. Atataja rais mmoja au wote wawili. Mwache amalize, halafu muulize fedha zilitoka wapi. Mtoto anayejua kwamba hata soda anayokunywa imekatwa kodi atapata jibu la tatu bila kusaidiwa.

Mkirudi nyumbani mwambie kwamba siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Tanzania Bara anapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mwenzake wa Zanzibar anapiga kura tano, kwa kuwa ana pia Rais wa Zanzibar na mwakilishi. Mwenyekiti wa mtaa ana uchaguzi wake, unaofanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024.

Hatua ya pili: nani anaruhusiwa kugombea

Fungueni Katiba, ibara ya 39. Mtoto asome kwa sauti, wewe ufafanue. Mgombea urais awe raia wa kuzaliwa. Awe ametimiza miaka 40. Awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho. Awe na sifa za kuwa mbunge. Na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi.

Sasa watoto wawapime watu wanaowafahamu. Mama anaweza kugombea? Shangazi mwenye miaka 38 je? Mwalimu mstaafu asiye na chama? Huyo wa mwisho hawezi, kwa kuwa sheria yetu haina mgombea binafsi. Kijana wa sekondari ataona haraka kwamba hapo pana mjadala. Mwambie kwamba mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linakiuka haki.

Baada ya sifa, wadhamini. Mgombea urais anahitaji wapiga kura wasiopungua 200 kutoka kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Hili ni somo la hisabati lililojileta lenyewe: jumla ni wangapi? Kisha mtoto achague mikoa yake kumi kwenye ramani na aeleze kwa nini ameichagua. Wa kwetu huanza na Mwanza, Geita, Mara, Kagera, Simiyu na Shinyanga kwa sababu ndiko wanakokujua. Waulize: kwa nini sheria haikubali mtu akusanye wote 2,000 hapa Kanda ya Ziwa? Usiwajibie. Swali hili litarudi mkifika Kenya.

Ibara ya 47 nayo ina jambo zuri: rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu wake anatoka upande wa pili, na wawili hao wanapigiwa kura pamoja. Kwenye karatasi ya kura ya rais mtawaona wote wawili.

Mwenye miaka 13 na zaidi mpe fumbo hili. Ibara ya 40 inasema mtu hachaguliwi kuwa rais zaidi ya mara mbili. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, miezi michache baada ya kuapishwa kwa kipindi cha pili, na kwa mujibu wa ibara ya 37 makamu wake akaapishwa kuwa rais siku mbili baadaye bila uchaguzi wowote. Je, makamu huyo anaruhusiwa kugombea mara ngapi? Jibu liko ibara ya 40(4). Kama kipindi alichorithi kimebakiza chini ya miaka mitatu, mara mbili. Kama kimebakiza miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Mwache apige hesabu ya miezi.

Hatua ya tatu: kura ya wazi na kura ya siri

Hapa tumieni siku mbili, na usiharakishe.

Siku ya kwanza, pigeni kura ya wazi. Swali liwe la kweli na lenye matokeo ya kweli: Jumapili tule nini, sangara, sato au dagaa? Kila mgombea asimame na picha ya samaki wake, na wapiga kura wapange foleni nyuma yake. Alika binamu na watoto wa jirani ili mfike angalau saba. Utaona mambo yanavyokwenda. Wadogo watamfuata kaka mkubwa. Mmoja atasubiri kuona foleni ipi ni ndefu. Dada wa kazi, kama mnaye, atasimama pale aliposimama mama. Usiseme neno, andika matokeo.

Siku ya pili, rudieni swali lilelile kwa siri. Panga sebule iwe kituo cha kupigia kura. Mtoto mmoja ni karani mwenye daftari la majina. Mwingine ni msimamizi wa kituo. Kila samaki ana wakala wake anayekaa akiangalia. Kona ya chumba, nyuma ya khanga iliyotundikwa, ndicho kituturi, pale mpiga kura anapoweka alama ya vema bila kuonwa na mtu. Kabla ya kura ya kwanza msimamizi aligeuze boksi mbele ya mawakala waone kwamba ni tupu, kisha alifunge. Anayetoka apakwe rangi ya kucha kidoleni badala ya wino usiofutika. Vituo halisi hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Nyie wekeni nusu saa, na kengele ikilia, aliyekwisha kuwa kwenye foleni apige, aliyechelewa asipige.

Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hawapangi foleni, wanapitishwa mbele. Mfunge mtoto mmoja kitambaa machoni umuulize atapigaje kura kwa siri. Kwenye uchaguzi wetu asiyeona anaweza kupewa jalada la nukta nundu linaloshika karatasi ya kura, au akaja na mtu anayemwamini amsaidie. Watoto wanapenda sana kulibuni jalada hilo wenyewe kwa boksi la kadibodi na mkasi, na zoezi hilo pekee linaweza kula asubuhi nzima.

Kisha hesabuni. Msimamizi afungue boksi mbele ya mawakala, ainue kila karatasi na kusoma kwa sauti. Wewe uwe umechomeka karatasi tatu za utata: moja ina vema mbili, moja haina alama, moja ina vema iliyogusa mstari. Wabishane. Swali la kuwauliza ni hili: nia ya mpiga kura inaonekana au haionekani? Mkimaliza, mawakala wasaini fomu ya matokeo, kila mmoja apate nakala, na nakala moja ibandikwe mlangoni. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa kwenye kituo halisi, na mtoto aelewe kwa nini. Ile karatasi ya mlangoni ndiyo inayomwezesha mtu yeyote kujumlisha mwenyewe.

Mara nyingi matokeo ya siku mbili hizo hayafanani. Yakitofautiana, waulize kwa nini, na uwape mifano miwili. Wa kwanza ni wa nyumbani. Kwenye ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma ya mwezi Juni, pale Kisesa, makundi ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watazamaji wengi ndilo linaloshinda. Ndiyo maana wachezaji huja na nyoka, fisi wa kuchonga na kila aina ya mbwembwe. Ni kura ya miguu, na kila mtu anaiona. Kwa ngoma inafaa, kwani hakuna anayepoteza kazi kwa kuwashangilia Bagalu. Wa pili ni wa Kenya. Mwaka 1988 chama cha KANU kiliwapangisha wanachama foleni nyuma ya wagombea kwenye kura za mchujo, utaratibu ulioitwa mlolongo. Aliyekuwa na deni kwa chifu alijua chifu anamwona.

Na Jumapili pikeni samaki aliyeshinda kwenye kura ya siri. Ukiahidi sato halafu ukapika maharage, utakuwa umefundisha somo jingine kabisa.

Hatua ya nne: kura 50, washindi watatu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Chora kwenye karatasi kubwa wilaya tano: Ukerewe, Sengerema, Magu, Misungwi na Nyamagana. Kila wilaya ina wapiga kura kumi. Vifuniko 20 ni vya Sangara, 17 vya Sato, 13 vya Dagaa. Vipangeni hivi. Ukerewe, Sengerema na Magu kila moja ina Sangara 3, Sato 3, Dagaa 4. Misungwi ina Sangara 2, Sato 7, Dagaa 1. Nyamagana ina Sangara 9, Sato 1, na Dagaa hana kitu. Jumlisheni muone kama inafika 50.

Sasa muulize mtoto nani ameshinda. Atasema Sangara, kwa kura 20. Ni kweli, kwa kanuni ya Tanzania. Ibara ya 41 inasema mshindi ni aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, hata kama hakufika nusu. Wapiga kura 30 kati ya 50 hawakumtaka Sangara, lakini yeye ndiye rais.

Vukeni ziwa. Kenya na Uganda, tunaochangia nao maji haya, zinadai zaidi ya nusu ya kura zote, yaani angalau kura 26 kwenye meza yenu. Hakuna aliyefika. Dagaa aliye wa mwisho anatolewa na wawili wa juu wanarudi kwa wapiga kura. Wale 13 wa Dagaa waende wapi? Waachie watoto waamue kwanza, kisha jaribuni mgawanyo huu: kumi wanasema heri sato, watatu wanakwenda kwa Sangara. Sato ana 27, Sangara ana 23. Rais ni Sato.

Halafu ruka bahari hadi Marekani. Kule rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Karibu kila jimbo linampa mshindi wake wajumbe wake wote, jumla ya wajumbe ni 538, na wa kufikisha 270 ndiye rais. Kwenye meza yenu fanyeni kila wilaya iwe na mjumbe mmoja. Ukerewe, Sengerema na Magu zimempa Dagaa watatu. Misungwi imempa Sato mmoja, na Nyamagana imempa Sangara mmoja. Rais ni Dagaa, aliyekuwa wa mwisho kwa kura. Mtoto akikataa kuamini kwamba jambo kama hilo hutokea, mwambie kwamba mwaka 2000 Al Gore, na mwaka 2016 Hillary Clinton, walipata kura nyingi za wananchi kuliko wapinzani wao na hawakuwa marais.

Hakuna kifuniko hata kimoja kilichobadilika. Kaeni kimya kidogo hapo.

Kisha uliza kanuni ipi ni ya haki. Nina maoni yangu, napendelea ile ya zaidi ya nusu, lakini kila moja ina gharama yake. Duru ya pili inakula fedha na muda. Kura nyingi tu ni rahisi na ya haraka, ila inaweza kumpa urais mtu asiyependwa na wengi. Ya wajumbe inayapa maeneo madogo sauti na inawakera walio wengi. Na waambie kwamba Tanzania yenyewe iliwahi kutumia kanuni ya zaidi ya nusu. Ndiyo iliyokuwepo kwenye uchaguzi wa 1995, na iliondolewa kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000.

Kenya ina sharti jingine: mshindi awe na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hapa ndipo lile swali la wadhamini linaporudi. Kwa nini sheria ya kwetu na ya Kenya zinataka mtu akubalike sehemu nyingi? Mtoto aliyeona Sangara akibebwa na Nyamagana atajibu kwa maneno yake.

Jambo la mwisho la hatua hii ni nani anayehakiki. Kwetu uchaguzi unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, jina linalotumika tangu 2024, na wajumbe wake huteuliwa na rais. Kwenye kura yenu ya samaki, waulize wagombea kama wangekubali Sangara amteue msimamizi. Halafu someni ibara ya 41(7): Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Linganisheni na Kenya, ambako tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti 8 na ukarudiwa Oktoba 26. Mahakama ya Afrika mwaka 2020 ilisema kifungu chetu hicho kinakiuka haki ya kusikilizwa. Kijana akiuliza kama kimebadilishwa, mwambie akifungue akisome tena.

Mpigie simu bibi

Historia ya uchaguzi ukiisoma kwa orodha ya miaka, mtoto analala. Mpe simu ampigie bibi au babu. Uchaguzi wa kwanza wa rais ulikuwa Novemba 1962, Julius Nyerere dhidi ya Zuberi Mtemvu. Kuanzia 1965 hadi 1990 mgombea urais alikuwa mmoja, na mpiga kura alisema ndiyo au hapana. Lakini kwa wabunge wa 1965 TANU iliweka wagombea wawili kwenye majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Muulizeni bibi kama anakumbuka jembe na nyumba. Swali hilo linafungua simulizi ambazo hazimo kwenye vitabu. Na msimwachie aende bila kumuuliza habari za Paul Bomani, waziri wa fedha na kinara wa ushirika wa pamba wa hapa kwetu, ambaye mwaka huohuo alikipoteza kiti chake cha ubunge kwenye sanduku la kura. Mfumo wa chama kimoja, na bado waziri akaangushwa.

Vyama vingi vilirudi 1992. Kuanzia hapo mtoto achore mwenyewe grafu ya nguzo kwa asilimia za washindi: Benjamin Mkapa 61.8 mwaka 1995 na 71.7 mwaka 2000, Jakaya Kikwete 80.3 mwaka 2005, Magufuli 58.5 mwaka 2015. Mwaka 2005 una kisa chake: kura zilisogezwa kutoka Oktoba hadi Desemba 14, kwa sababu mgombea mwenza wa CHADEMA alifariki siku chache kabla ya uchaguzi.

Kampeni

Sipeleki watoto wadogo kwenye mikutano, iwe Furahisha au Uwanja wa Kirumba. Joto, msukumano na spika zinazopasua masikio havina cha kuwafundisha. Hotuba zinasikika redioni. Mtoto asikilize moja ya kila upande na aandike ahadi tatu. Kila ahadi aiulizie mambo matatu: itafanywa na nani, kwa fedha gani, na tutajuaje kama imefanyika? "Tutawajali wavuvi" haina jibu hata moja. "Tutapunguza ada ya leseni" inalo la mwisho, kwa kuwa ada ina tarakimu. Fulana, khanga na kofia akizipokea azipokee, ila aziandike kwenye safu ya gharama, na muulizane nani kalipia.

Mambo mazito

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 watoto wengi wanaukumbuka kwa intaneti iliyozimwa na milio waliyoisikia. Huwezi kufundisha uchaguzi wa Tanzania ukauruka, na mtoto atajua kwamba umeuruka. Ninavyofanya ni kugawa ukurasa safu mbili.

Safu ya kwanza ni yasiyobishaniwa. CHADEMA hawakuwa na mgombea, baada ya kukataa kusaini maadili ya uchaguzi huku wakidai mageuzi kwanza, na mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Kulikuwa na maandamano na vurugu, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na watu walikufa. Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Baadaye iliundwa tume ya kuchunguza yaliyotokea.

Safu ya pili ni yanayobishaniwa: wangapi walikufa, nani aliwaua, na kama kura zile zilikuwa huru. Humo mtoto aandike nani anasema nini, bila kuchagua kwanza. Kama familia yenu ilimpoteza mtu, acheni safu, zungumzeni kama familia, somo litasubiri.

Nawaambia wanangu pia kwamba si kila kinachosemwa mezani kinarudiwa dukani au kwenye makundi ya simu. Sijui mzazi wa hapa asiyelisema hilo, na sioni haja ya kujifanya kwamba hatulisemi.

Kupima kama ameelewa

Usimpe maswali ya kukariri. Mpe vifuniko 50 na umwambie: vipange ili Dagaa ashinde kwa kanuni ya Tanzania lakini ashindwe kwa ya Kenya. Akiweza, ameelewa kuliko watu wazima wengi ninaokaa nao barazani. Kwa mdogo, mpe fomu ya matokeo ambayo jumla yake umeikosea kwa makusudi, na uone kama ataitilia shaka kabla ya kusaini.

La mwisho ni hesabu yake binafsi. Uchaguzi wa serikali za mitaa unaofuata ni 2029 na mkuu ni 2030. Umri wa kupiga kura ni miaka 18, na atakayefikisha miaka hiyo kufikia siku ya uchaguzi anaweza kuandikishwa mapema kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Achukue tarehe yake ya kuzaliwa, atafute mwaka wa kura yake ya kwanza, na auandike nyuma ya jalada la daftari.